Mafuta Niliyoyakataa

Mimi ni fundi mwenye diploma. Niliisomea kwa jasho langu, sikulipiwa na mtu. Nikaenda Uarabuni kutengeneza magari ya matajiri, na niliporudi Busia nilirudi na gari la spoti, jekundu, la zamani kidogo, ambalo nikipita nalo mtaani Burumba hata wanaobadilisha pesa husahau kuhesabu noti. Sijioni. Nasema tu ilivyo.

Mama yangu anakaa Nambale. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na hatimaye akapewa siku ya kupasuliwa Eldoret. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe. Miaka yote niliyokuwa nje, mdogo wangu ndiye aliyempeleka kliniki, ndiye aliyemshika mkono usiku akitaka kutoka nje. Safari hii nilitaka mama akae kando yangu.

Kwa hiyo nilichagua kila kitu kana kwamba naenda kupimwa mimi. Muuzaji mmoja mjini alinipa plagi za kuwashia injini ambazo sehemu yake ya skrubu ilikuwa ndefu kuliko inavyotaka injini yangu. "Zinaingia tu, boss," akaniambia. Ni kweli zinaingia, halafu pistoni inapanda na kugongana nazo. Nilizirudisha, nikaagiza nyingine Nairobi. Chujio la oili nilichagua lenye vali ndani, inayozuia oili isirudi chini usiku, ili asubuhi injini isiamke kavu. Chujio la hewa nililiinua juani nikatazama karatasi yake kama limechanika. Mafuta ya breki nilitaka ya mkebe usiowahi kufunguliwa, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ukichemka kwenye mteremko pedali inazama hadi sakafuni. Hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa nawaza mteremko, na mama ndani.

Siku moja kabla ya safari nilikuwa uani kwa mama, nimelala chini ya gari, namwaga oili ya zamani. Mdogo wangu akafika kutoka Malaba. Kazi yake ni kulinda malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Alikuwa na mtungi wa manjano. Dereva mmoja alimpa oili kwa kumshukuru, naye akaileta kwa ajili ya safari ya mama. Huko Malaba oili ya lori ni zawadi ya heshima. Inaingia kwenye posho mill za kusaga mahindi, kwenye bodaboda, popote, na hakuna anayeuliza.

Mimi niliuliza. Mtungi haukuwa na jina wala kifuniko cha kiwandani. Nilichovya vidole, nikasugua, nikahisi chembechembe. Nikasema hii ipelekwe kwa posho mill. Majirani waliokuwa wakimmenyea mama njugu wakacheka.

"Malori yanafika Kongo na hii oili," mdogo wangu akasema. "Kwani kagari kako kanakunywa maziwa?"

Wakacheka zaidi, na safari hii walinicheka mimi. Nikamjibu kwamba mimi nina diploma ya injini, yeye ana diploma ya kulala chini ya malori.

Hapo hakuna aliyecheka. Aliuchukua mtungi wake, akauweka nyuma ya jikoni, akaondoka. Mama aligeuza kichwa huku na huku akiuliza ameenda wapi.

Jioni niliingia kwake nikamweleza jinsi njia za oili katika injini ile zilivyo nyembamba, na chembe moja inavyoweza kuziziba. Alisikiliza yote.

"Mwanangu, ameubeba huo mtungi kwa boda kutoka Malaba. Ameukumbatia njia yote."

"Mama, oili ile ingeharibu injini."

"Nimesikia. Injini ni yako na unaijua. Kesho nitaenda na ndugu yako."

Nikamuuliza kama anaogopa gari.

"Gari siogopi. Yeye anajua nikishikwa na kizunguzungu nataka nini."

Asubuhi niliwakuta stejini Nambale, mdogo wangu amebeba mkoba wa mama. Nikasema mama apande kwangu, tutakutana hospitalini. Hakunitazama. "Muulize mwenyewe, boss," akasema, kwa sauti wanayotumia Malaba kwa mgeni mwenye pesa. Mama alikuwa ameshaingia ndani ya matatu.

Mpaka leo nasema oili ile haikufaa, na fundi yeyote aliyesoma atasema hivyo. Niliwafuata Eldoret. Gari liliwaka kwa mguso mmoja, mlima wa Webuye halikuuona, breki zilishika kama mpya. Blanketi nililomkunjia mama la kuegemea lilikuwa kwenye kiti cha kando, na kila kona lilikuwa likiteleza, nami nikilirudisha.

Nilifika kabla yao, nikasimama kwenye lango la hospitali. Walipokuja, mama aliona kivuli tu.

"Nani huyo?" akauliza.

Mdogo wangu alikuwa amemshika mkono. "Ni mwenye gari," akasema.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Haya," mama akasema, akiwa bado amemshika yeye mkono. "Twendeni, tutachelewa."

Wakatangulia. Nikawafuata, funguo mkononi.