Mihuri Miwili ya Kiti Kimoja

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na sita, katika shule ya jioni pale Munuki, ndani ya darasa lenye joto la kuivisha maharagwe. Cheti changu nilikitembeza Juba nzima. Nadhani hata mamba wa mtoni walikisoma. Ndicho kilichonipatia kazi mtaa wa Malakia, katika duka la fotokopi, barua na mihuri.

Mihuri ndiyo iliyonipa jina. Katika mji huu barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Kanisa lina muhuri, kisima kina muhuri, timu ya mpira ina muhuri. Kuna mshenga mmoja niliyemtengenezea wake, na mpaka leo sijui aliupiga wapi. Dukani tulikuwa na daftari nene la mifano. Kila muhuri uliokamilika niliujaribu humo mara mbili, ili mteja anayefuata afunue na kuchagua mtindo. Nililipenda daftari lile kuliko baadhi ya shemeji zangu.

Marehemu mama yangu alikuwa na kaka. Mimi nilikulia Eldoret kwa upande wa baba, Mkristo wa kuimba kwaya. Yeye alibaki hapa, Mwislamu wa Malakia tangu enzi za babu, na nilimwita Khalu, kama wa hapa wanavyomwita mjomba. Siku ya Idi alinilisha mpaka nikashindwa kuinuka. Siku ya Krismasi alifika kwangu kabla kuku hajachinjwa. Kwenye chama chake, kile kinachotawala, alikuwa katibu wa mambo ya Waislamu. Waislamu hapa ni wachache, na kila chama huwatengea kiti kimoja tu. "Wanataka kofia moja nyeupe ndani ya picha," alizoea kusema. "Ya pili inaharibu picha."

Uchaguzi ulipokaribia, ule uliosogezwa mbele mpaka tukadhani umefungwa magurudumu, Khalu alikuwa amekichoka chama chake. Alikubaliana na rafiki yake, mfanyabiashara wa vitambaa wa mtaa huohuo, wahamie pamoja chama kingine. Walishika msahafu wakaapa: kiti kitakuwa cha Khalu, rafiki atakuwa naibu wake. Watatangaza Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu wote, kwa barua iliyopigwa muhuri mpya. Kabla ya hapo asijue mtu. Mwanasiasa mwingine wa mtaa wetu alitaka kuhama, siri ikatoka mapema, akachukuliwa na watu wa usalama nyumbani kwake asubuhi akipiga mswaki. Alirudi baada ya wiki nyingi. Sasa ukimsalimu, anatazama viatu vyako.

Jumatatu Khalu aliingia dukani, akasubiri mteja wa fotokopi aondoke.

"Binti ya dada, mimi iko na kazi kwako. Lakini mdomo funga."

"Khalu, mimi ni kaburi."

"Kaburi hapana cheka hivyo."

Niliutengeneza muhuri ule kwa mapenzi ya ajabu: jina la chama kipya juu, mwezi mwandamo katikati, chini cheo na jina lake. Mwezi ulikuwa mwembamba hata ungeweza kukata ndevu. Nikaujaribu daftarini mara mbili, kama kawaida yangu. Kuhusu mdomo, niliufunga hasa. Mume wangu alidhani nimekasirika.

Jumanne akaja yule rafiki wa vitambaa. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ustaza," akasema, kama wanavyomwita hapa mwanamke msomi, "hii leo leo."

Nikaisoma. Chama kilekile kipya. Katibu wa mambo ya Waislamu.

"Hajj, hakuna neno lililosahaulika hapa?"

"Neno gani?"

"Hakuna kitu kabla ya katibu?"

"Kabla ya katibu ni Mungu peke yake," akasema, akacheka. "Andika katibu. Na jina langu chini, kubwa, hata mwenye mtoto wa jicho aione."

Aliondoka na muhuri wake ndani ya kipande cha kitambaa. Nilitazama ukurasa: mihuri miwili, kiti kimoja, majina mawili. Chama kile kilikuwa kimewaahidi wote wawili kofia ileile nyeupe, na rafiki alikuwa akimficha Khalu. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Jumatano mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, Malakia nzima ikawa uji. Mwanamume aliyeingia dukani hakuwa na tope hata kwenye soli. Nyuma yake, upande wa pili wa barabara, gari lisilo na namba lilikuwa linanguruma.

"Mna mifano, dada yangu?"

Nikampa daftari. Kila mteja nilimpa; ndiyo ilikuwa kazi ya daftari. Alifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayemtafutia mtoto chawa. Kisha akatulia.

"Huu mwezi umechongwa vizuri."

Nami, kwa sifa zangu, nikamjibu, "Asante! Mkono wangu huo."

Alitoa simu, akapiga picha ya ukurasa, akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Hawa wanakuja kuchukua lini?"

"Wameshachukua."

"Vizuri," akasema. Hakuagiza kitu.

Nilifunga duka. Nilipofika kwa Khalu alikuwa uani anatawadha kwa ajili ya sala ya alasiri, birika mkononi. Nilimweleza yote: daftari, mwezi, simu, viatu visivyo na tope. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kwenye hiyo picha," akauliza, "iko jina yangu peke yake?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nimeirudia dakika ile mara milioni, na safari hii namba hiyo siitilii chumvi sana. Lakini kosa langu lilikuwa zito, nikatamani lipate mwenzake.

"Hapana, Khalu. La rafiki yako pia lipo. Katibu. Si naibu."

Alibaki ameinamisha birika mpaka maji yakaisha, yote chini. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia ya chama chake cha zamani, akashika njia ya ofisi yao. Adhana ilikuwa ikiendelea. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akiipa adhana mgongo.

Alirudi kabla ya magharibi, ameletwa na gari.

"Khalas, imeisha," akasema, akakaa. "Wamenipa chai. Kiti yangu iko palepale."

"Hawakutaka kitu?"

"Kitu moja tu. Nani alinivuta kwa chama mpya."

"Ukasema nini?"

"Si yeye alitaka kiti yangu?" Akavua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. "Alikuwa ameapa. Msahafu ilikuwa kati yetu."

Alhamisi rafiki yake alichukuliwa dukani kwake mchana kweupe, mbele ya wateja. Kitambaa alichokuwa akipima kilibaki mezani, nusu kimekatwa, na jirani akakikunja. Ijumaa sala ilisaliwa, watu wakatawanyika. Hakuna aliyetangaza chochote.

Jumapili, baada ya ibada yangu, nilipita kwa Khalu. Mke wa yule rafiki alikuwa pale, ameketi kwenye mkeka, macho yamevimba.

"Hajj," alikuwa akimwambia Khalu, "wewe ni ndugu yake. Na wewe iko na kiti. Ukiuliza, watakujibu."

"Nitauliza, ukhti," Khalu akasema. "Kesho asubuhi, inshallah."

Mama yule akamwombea dua ndefu: afya, umri, watoto. Khalu aliitikia amina kila mara, macho yake mlangoni. Kisha mama yule akanigeukia mimi.

"Ustaza, mume wangu alisema wewe unaandika vizuri kushinda wote. Niandikie barua kwa wakubwa."

Nilitoa kalamu mkobani. Akafikiri kidogo, akaanza kunitajia maneno kwa sauti ya chini. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba hakuna mtu katika mtaa huu anayejua kwa nini mumewe alichukuliwa.

Niliiandika.