Dada wa Ng'ambo ya Ruhuhu

Dada yangu aliolewa Manda, ng'ambo ya mto Ruhuhu. Nyumbani kwetu ni upande huu, Lituhi. Kwa macho si mbali. Lakini miaka ile mto haukuwa na daraja. Palikuwa na kivuko, na masika maji yakijaa kilifungwa kwa minyororo, watu wakarudi makwao. Wenye haraka walipanda mitumbwi, ingawa mamba walijulikana kuwamo.

Baba alifariki katikati ya masika. Mimi nilishuka kutoka Mbinga, ninakolima kahawa. Asubuhi ya mazishi simu yangu iliita.

"Niko hapa mtoni," alisema dada. "Kivuko hakitoki."

Nilikimbia hadi ukingoni. Nilimwona amejifunga khanga kiunoni, mumewe kamshika mkono asije akapanda mtumbwi. Tulipaza sauti, mto ukazimeza. Ikabidi tupigiane simu huku tunatazamana.

"Shikamoo dada," nilisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Amekaa. Hajala."

"Msinisubiri, maji haya hayapungui leo. Ila mkifika kaburini, usikate simu."

Katekista aliposikia ombi hilo alisita, kisha akakubali. Nilisimama mbele, simu nimeifungulia spika. Dada aliitikia sala zote, akichelewa kidogo nyuma yetu kwa sababu ya mtandao. Ilipofika zamu ya watoto nilitupa udongo wangu, kisha nikatupa na wake.

"Nimesikia," alisema.

Daraja lilipokamilika alikuja kwa bodaboda bila kutoa taarifa. Alipita mlangoni kwa mama bila hata kubisha hodi, akaenda moja kwa moja kaburini, akaketi chini. Alilia kana kwamba msiba ni wa siku ileile. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna jambo jipya, na mama akasonga ugali wa muhogo, wakala wote.

Nilidhani sasa tutakuwa naye zaidi. Zamani akija alikaa hata wiki, kivuko kimekwama, au yeye anasema kimekwama. Siku hizi anafika saa nne, na saa nane ameshaaga.

"Unakuja kama msoma mita," mama alimwambia siku moja.

Dada alicheka. "Si ndiyo faida ya daraja, mama?"

Mama hakucheka. Aliendelea kupepeta mahindi.

Mwaka jana, bila kutushauri, mama alifunga nyumba, akakaa upande juu ya bodaboda, akavuka kwenda Manda kwa dada. Wiki ziliisha. Nilimpigia kutoka Mbinga kumuuliza atarudi lini. Alisema wanaanika usipa, mikono yote imejaa samaki, nipige jioni.