Uso wa Shangazi Mapenzi

Kahaso Mwero alikuwa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha sanaa karibu na Matuga, na hakuna kazi ya mikono iliyokuwa imemshinda, mpaka ilipokuja kazi ya kunakili nyuso. Mmoja hulala chali mezani, akapakwa mafuta, kisha mwenzake akamfunika uso kwa vipande vya bendeji ya plasta, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, zikabaki tundu za pua tu. Plasta hupata joto ikikauka. Baada ya robo saa huambuliwa, na sura ya mtu imebaki ndani yake. Mwalimu wao, Roselyne, alisema kila mtu atalala kabla hajamlaza mwingine.

Kahaso aliposikia hayo alisogea karibu na dirisha.

Alikuwa na miaka tisa, kwao upande wa Kinango, alipoteremka kuchota maji katika kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Ukingo ukamporomokea. Mchanga ulimziba macho, kinywa na masikio, na analolikumbuka si maumivu bali jinsi sauti yake ilivyokosa pa kwenda. Shangazi yake Mapenzi ndiye aliyeanza kumfukua kwa mikono, hata kucha mbili zikang'oka, kisha wanawake wengine wakamsaidia. Tangu hapo Kahaso hajifuniki shuka usoni, hata mbu wawe wengi namna gani.

Chuoni hakumwambia mtu. Zamu yake ilipofika alisema ana mafua. Wiki iliyofuata mwalimu alimtazama tu, na ulimi ukamtangulia: alisema amefiwa na shangazi yake Mapenzi, anaomba ruhusa. Kwa nini alitaja jina hilo, hajui. Beryl, aliyekaa naye chumba kimoja, alimkumbatia akalia naye.

Jioni alimpigia shangazi simu. Haikupatikana. Asubuhi haikupatikana. Kwao mtu hai hatajiwi mauti hata kwa mzaha, kwani neno likishatoka halirudi, na yeye alilitoa mbele ya darasa zima. Siku ya pili alipiga tena, haikupatikana. Kila akifumba macho alimwona shangazi amelazwa chali, amefunikwa uso. Siku ya tatu alibeba mkoba wake na bendeji za darasani zikiwamo humo humo, akaenda nyumbani.

Kutoka barabarani alitembea saa nzima. Alipoona watu wamejaa uani, akadhani ni matanga. Walikuwa majirani, wanapukuchua mahindi, na Mapenzi alikuwa katikati yao.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Mbona watetemeka? Unaumwa?”

Simu ilikuwa imezima tu, haina chaji. Kahaso alimvuta kando akamweleza yote, akingoja kufukuzwa. Mapenzi hakufurahi. Alitema mate chini, kisha akauliza hizo bendeji ziko wapi.

“Nifunike mimi,” alisema. “Uone kama mtu hufa.”

Kahaso alimlaza kwenye mkeka barazani. Alimpaka mafuta, akalowesha bendeji katika karai la maji. Alifunika paji, mashavu na kidevu. Kwenye macho alisita, kisha akafunika. Walikubaliana kwamba Mapenzi akitaka kutolewa atainua kidole. Kahaso alikishika kiganja chake, akikodolea zile tundu mbili za pua. Dakika ya nane kiganja kikalegea. Akaita. Kidole hakikuinuka. Akatega sikio puani, asisikie ila moyo wake mwenyewe unavyopiga. Akaing'oa plasta kwa mikono miwili, ikapasuka kidevuni.

Mapenzi alifumbua macho, nyusi zimejaa vipande vyeupe.

“Nilipitiwa na usingizi,” alisema.

Kahaso alianza kumtoa vile vipande kimoja kimoja.

Jumatatu alimpelekea mwalimu ule uso uliopasuka, akamwambia ni wa nani, na kwamba mwenyewe yu hai. Akamweleza na habari ya kisima. Roselyne hakumgombeza, lakini alimwandikia mkuu wa chuo barua juu ya ule uongo, na baadhi ya wenzake hawakumsemesha muhula mzima. Kuhusu kulala, alimwambia anaweza kupewa kazi nyingine. Kahaso alikataa.

“Nataka kunakili nyuso za wanawake wote walionifukua,” alisema. “Siwezi kuwalaza mahali nilipokataa kulala mimi.”

Alilala Alhamisi. Beryl, aliyekuwa bado na kinyongo, ndiye aliyemfunika. Kipande cha kwanza kilipogusa kope, Kahaso alihisi uzito wa mchanga. Akainua kidole, akatolewa. Akajaribu tena, akainua tena. Safari ya tatu Beryl alimshika mkono, naye akadumu mpaka plasta ilipokauka, jasho likimtiririka masikioni.

Uso uliotoka ulikuwa na paji lililokunjamana na midomo iliyobanwa, kama ya mtu anayezuia kitu kisimwingie. Roselyne alimwambia achukue msasa aulainishe kidogo. Kahaso aliutazama kwa muda, akaurudisha rafuni vile vile ulivyo.