Bunduki Aliyonichagulia Baba

Baba alianza kupofuka jicho la kulia, na hilo ndilo lilikuwa jicho lake la shabaha. Watu wa Timbwani walikuja kumpa pole kana kwamba kafiwa. Mwenyewe hakulalamika. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo nyama ya mwituni nitaileta mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Asubuhi nalima mihogo, mchana kutwa nafukuza nyani wasiing'oe, na kama mtu angeniuliza nataka nini duniani ningemjibu kwamba nataka kulala. Hakuna aliyeniuliza.

Gobore lake la zamani, lile la kushindiliwa baruti kwa mdomoni, lilikuwa limepasuka mtutu. Kibali cha serikali kilikuwa cha bunduki moja, basi tukishachagua tumechagua. Vita vya wakubwa vilikuwa vimekwisha si zamani, unga bado wa kupimiwa, na nyama ya buchari tulikuwa tukiisikia harufu yake kwa wenye nafasi.

Lakini baba hakuwa mtu wa kula nyama yoyote inayokuja. Kulikuwa na masheikh waliosema kwamba ukipiga bismillahi pale unapofyatua, mnyama ni halali hata akifa kabla hujamfikia. Baba hakulikubali hilo katu. Kwake risasi ni sawa na jiwe, inaponda, haichinji. Lazima umkute mnyama na roho yake umpitishe kisu. Akikutangulia kufa, huyo ni nyamafu, na nyamafu hailiwi. Nilimwona kwa macho yangu akimwacha paa mzima kichakani kwa sababu alichelewa kumfikia, tukarudi mikono mitupu, na mama akanuna siku mbili.

Kwa hiyo kunichagulia mimi bunduki ya kwanza halikuwa jambo la kulinganisha bei na uzuri wa kitako. Tulivuka kivuko cha Likoni, tukakipita kisiwa chote kwa miguu, tukavuka Makupa, tukapanda mpaka Changamwe, jua likituchoma utosini na mkono wa baba umenilemea begani njia nzima. Kule alikaa Kalasinga mmoja, fundi wa reli, aliyekuwa na ruhusa ya kutengeneza na kuuza bunduki kuukuu. Tulipofika mimi nilikuwa hoi. Baba ndiye aliyekuwa kachangamka.

Fundi alitutolea mbili. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi, risasi zake nyembamba kama kalamu ya risasi iliyochongwa ikakaribia kwisha. Ya pili ilikuwa kubwa, nzito, ya kupigia nguruwe na hata nyati. Baba aliziweka zote mbili mapajani akazipapasa kwa vidole, kuanzia kitako mpaka ncha ya mtutu.

"Mzee, kijana ndiyo kwanza anaanza?" fundi aliuliza.

"Ndiyo kwanza."

"Basi mpe kubwa. Ndogo hii ya ndege na sungura. Anayeanza hajajua kupiga pahali pake. Akipiga mnyama mkubwa kwa hii, mnyama atakimbia naye kijana atakimbia nyuma yake mpaka magharibi."

"Ndiyo niitakayo," baba alisema. "Mnyama akianguka papo hapo kafa, nani atamuwahi kwa kisu?"

Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nadhani alinihurumia. Alieleza tena, polepole, kwamba bunduki kubwa haimtesi mnyama. Baba alisikiza kwa adabu, akamshukuru, akamrudishia ile kubwa. Nilitaka kusema nami. Kwa kweli niliitaka ile kubwa, si kwa sababu ya busara yoyote, ila kijana yeyote angeitaka. Lakini kijana wa siku zile hakumpinga babake mbele ya mgeni, basi nikaibeba ile ndogo kutoka Changamwe hadi Timbwani.

Mwezi wa kwanza sikupata kitu. Baba alinifundisha kwa maneno, kwa kuwa jicho la kushoto nalo lilikuwa linampotea. Alinikalisha barazani akaniambia nivute pumzi hivi, nilaze shavu hivi, na kisu kikae kiunoni upande wa kulia, kikali, maana kisu ndicho kinachowinda na bunduki inasimamisha tu. Nilimwitikia naam baba, naam baba, huku kope zinanianguka.

Kisha siku moja asubuhi, kusini ya mashamba, nilimwona kulungu dume ukingoni mwa kichaka. Nikapiga bismillahi, nikafyatua. Alishtuka, akapinda mgongo, akaingia kichakani. Nilipofika pale nikakuta tone la damu juu ya jani, na hatua kumi mbele tone jingine.

Sitaieleza siku ile kirefu, hata kuikumbuka kunanichosha. Kulungu aliyepigwa risasi nyembamba tumboni hafi wala haponi. Kila nilipomkaribia aliinuka akaenda. Nilipita miibani kwa kutambaa, nikapoteza kiatu kimoja cha mpira, nikanywa maji ya dimbwi. Jua lilifika utosini likaanza kuinama. Mara mbili nilimsikia akihema mbele yangu, na mara mbili nikakaa chini nipumzike kidogo tu.

Hiyo mara ya pili ndiyo iliyoniponza. Alikuwa karibu, labda hatua thelathini. Nilimsikia. Ningeinuka pale pale ningemkuta na roho yake. Lakini miguu ilikataa, nikaegemeza kichwa kwenye shina la mti, nikajiambia nihesabu mpaka ishirini. Nilipoinuka nikamkuta kalala ubavu, jicho limefunguka na nzi anatembea juu yake. Nilimgusa. Alikuwa na joto, lakini roho haimo.

Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelelewa nikilijua. Niligeuka niondoke, nikaenda hatua tano hivi, nikafikiria kurudi nyumbani mikono mitupu na miguu inavuja damu, na baba kakaa barazani akisubiri. Nikarudi. Nikamwelekeza kibla, nikapitisha kisu, nikatamka lile jina tukufu juu ya shingo ya mzoga. Damu haikuruka. Ilichuruzika kidogo tu, nyeusi, ikakoma.

Watu hudhani mtu hufanya jambo kama lile kwa uroho au kwa kiburi. Mimi nilifanya kwa kuchoka. Nimetafuta sababu nzuri zaidi miaka yote hii, sijaipata.

Nilipomtua uani, baba alishuka barazani kwa kupapasa ukuta. Akachutama, akaitafuta shingo kwa vidole, akaupitia ule mkato wote kuanzia upande mmoja hadi wa pili.

"Ulimuwahi?"

"Nilimuwahi, baba."

"Yu hai?"

"Yu hai. Wallahi."

Akasema alhamdulillahi, akaniwekea mkono kichwani. Mama alipika kwa tui la nazi, nasi tukala usiku ule ule, au niseme wao walikula. Mimi nilisema tumbo linanikata. Baba alikuwa hajaonja nyama tangu macho yalipoanza kumpotea. Alitafuna taratibu, akanyonya na mifupa, na ndevu zake zikang'aa mafuta. Nilimchukia kwa kuniamini. Nilijichukia zaidi, lakini yeye ndiye niliyekuwa nikimtazama.

Ingeishia hapo ningeweza kuizika. Lakini baba alipata la kusema. Kila aliyekuja barazani alielezwa kuhusu bunduki ndogo, vipi Kalasinga alikosea na yeye akapatia, vipi mwanawe alimfuata kulungu mpaka akamchinja yu hai. Kijana akianza, alisema, aanze na ndogo. Itamfunza subira. Mimi nilikuwa nikipita na jembe begani, nasikia, najitia hamnazo.

Wiki tatu baadaye alikuja mtu wa Mtongwe, rafiki yake wa tangu ujana, pamoja na mwanawe wa kiasi cha miaka kumi na sita, mwembamba, kasimama nyuma ya babake. Kibali walikuwa nacho. Walikuja kuuliza wanunue ipi. Baba alieleza yote tangu mwanzo, kisha akaniita.

"Naam, baba."

"Wambie hawa. Wewe ndiwe uliyeitumia."

Nilimtazama yule kijana. Alikuwa na macho mekundu kama yangu, ya mtu aliyelimishwa tangu alfajiri. Nikamwona kichakani na kisu chake, akihesabu mpaka ishirini.

"Wanunue kubwa," nikasema.

Baba akacheka. "Kubwa? Na yule kulungu wako je?"

"Nilimkuta kafa, baba."

Mgeni aliinamisha uso akaanza kuyatazama makubadhi yake. Nilingoja baba anipige, au anilaani mbele ya watu, na ningalishukuru. Uso wake ulikuwa umenielekea, lakini macho yalikuwa yakitazama pembeni kidogo ya pale niliposimama.

"Mama," aliita, kama alivyozoea kumwita mkewe. "Niletee maji."

"Abee, naja."

Mama akaja na kata imejaa, hana habari ya lililosemwa. Baba hakunywa. Alijaza kinywa, akasukutua, akageuka akatema nje ya baraza. Akasukutua tena. Akasukutua mara ya tatu, kwa muda mrefu, akitafuta kwa ulimi kila pembe ya kinywa chake, akatema, akajifuta ndevu kwa kiganja.

Kisha akageukia ilikotoka sauti ya rafiki yake.

"Mnunulie kubwa," akasema. "Ndogo inamchosha kijana."