Mama Alitaka Nisome Watoto Wote Watatu, Kaka Anataka Nimsome Yeye Kama Marehemu

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, fundi wa kushona sare za shule hapa Kawangware, na ndimi kifungua mimba kwetu. Jumamosi tunamzika mama yetu kijijini, na nimechaguliwa kusoma wasifu wa marehemu. Wateja wangu wanajua mdomo wangu haulali. Safari hii maneno yamenikauka, na nawaambia ukweli, naogopa.

Tulizaliwa watatu tukalelewa Laini Saba, Kibera. Wa pili nitamwita Barasa na kitinda mimba nitamwita Simiyu, ingawa si majina yao. Simiyu alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Tulimzika nyumbani, huko magharibi, nyuma ya nyumba ya babu.

Barasa alicheza mpira wa karatasi, wa soksi, wa chochote kinachoviringika. Siku moja Wamarekani wakaleta mashindano ya watoto Kibera, wakitafuta vijana wa kupeleka shule za kwao. Barasa alikuwa ameshapita umri. Kocha wake akaja nyumbani akamuuliza mama, "Cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo bado mko nacho?" Mama akafungua sanduku akakitoa. Kocha alimwambia ni kwa mashindano hayo tu. Sikumlaumu mama siku hiyo na simlaumu leo, maana njaa ya nyumba ile naijua.

Mashindano yakazaa shule, shule ikazaa chuo, chuo kikazaa timu ya kulipwa. Akapewa uraia. Leo kaka yangu ni mchezaji wa Marekani, ana mke wa huko, na watoto wa Wazungu wanavaa jezi zenye jina la mtoto wetu aliyelala nyuma ya nyumba ya babu.

Msinielewe vibaya, ametutunza. Alimpangia mama nyumba Riruta Satellite na kumnunulia televisheni kubwa kama mlango. Lakini siku alipofunga bao la fainali, majirani walijaa sebuleni wakaruka wakipiga kelele, "Simiyu! Simiyu!" Mama akainuka akaenda jikoni. Nikamfuata, nikamkuta ameupa mlango mgongo, ananong'ona, "Muacheni mtoto alale." Tangu siku hiyo nilikuwa nazima sauti mechi ikianza.

Siku hizi watangazaji wanashangaa kwa nini magoti yake yamechoka mapema. Jamani, hayajachoka mapema. Magoti yana umri wa Barasa. Anacheza msimu wake wa mwisho kwa sindano na bandeji, na hawezi kumwambia daktari wa timu ana miaka mingapi.

Kilichomla mama ni kingine. Kanisani au kwenye chama, akiulizwa ana watoto wangapi, ilimbidi aseme wawili. Hakuweza kumlilia Simiyu hadharani, wala kumwekea msalaba wenye jina. Wiki alizozidiwa alinishika mkono akasema, "Siku yangu ukisimama pale mbele, uwasome wote watatu. Nimechoka kumficha." Nikamwahidi. Nani angemkatalia mama akiwa katika hali ile?

Basi kaka akapiga simu. "Sista, watu wa klabu wanakuja na mimi na kamera, burial itakuwa live. Huwezi sema Simiyu ni marehemu. Simiyu ni mimi."

"Kwa hivyo nisome wawili? Mama alisema watatu."

"Soma watatu. Sema aliyekufa ni Barasa."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia, "Barasa ni wewe! Nisimame juu ya kaburi la mama nikutangaze umekufa?"

Akasema polepole, "Sista, ni mathe tu alikuwa bado ananiita Barasa. Sasa ameenda. Nani mwingine anamjua huyo msee?" Nikasikia mwanamume mzima analia, nami nikalia.

Nilipompelekea baba mdogo habari hiyo kwenye matanga, alisimama kiti kikaanguka. Kwetu jina la mtu aliye hai halisomwi kama la mfu kaburi likiwa wazi. Ni kumkabidhi kaburini. "Ukimsoma hapo, udongo umemsikia," akaniambia. "Mimi sichimbi kaburi la pili mwaka huu. Soma wawili tumalize." Mchungaji naye anasema hayo ni mambo ya giza, lakini nilipomwomba asome yeye, alikumbuka ana safari.

Nikisoma ukweli, kijiji hakitashtuka, kinajua na kimefunga mdomo miaka yote. Lakini kamera zitashtuka. Kaka atapoteza timu na labda uraia, na mkewe, ambaye hajui lolote, atajua ameolewa na jina la maiti. Nikisoma wawili, nimemzika Simiyu mara ya pili, tena mbele ya mama. Nikisoma anavyotaka kaka, naye magoti mabovu, ndege za kila wiki, barabara za huko, likimpata jambo nitaishi vipi?

Tangu mama aende sijalala vizuri. Najaribu kusoma kwa sauti pale kwenye cherehani. Jina langu linatoka vizuri. Nikifika kwa wa pili, nasikia kama kuna mtu nyuma yangu anasubiri kuitwa, na sijui ni yupi kati yao. Jana nilijikuta nimegeuka kuangalia.

Kaka anatua kesho. Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, matusi wekeni kando, nisaidieni mawazo. Jumamosi kaburi likiwa wazi, mama akinisikiliza na kaka amesimama mbele yangu, nimwite nani hai, na nimwite nani marehemu?