Unyayo wa Sadiya

Kwa miaka kumi na minane Sadiya alishona nguo sokoni Koboko kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliofanya kazi yote. Siku moja ya mvua aliteremka kwenye pikipiki ya boda, vidole vikakwama kwenye shimo la mtaro na mwili ukaenda mbele. Alijua papo hapo kwamba kilichoachia kiko katikati ya unyayo.

Kliniki, tabibu Obitre alimbonyeza kifundo cha mguu, akampiga eksirei akiwa amelala, akasema, "Mama, mfupa iko sawa. Umeteguka tu. Tembea kidogo kidogo."

"Angalia chini. Iko nyeusi."

"Ni damu tu. Itaisha." Wala hakuinama.

Alirudi mara tatu. Mara ya mwisho alimsikia Obitre akimwambia muuguzi kwamba wanawake wa soko wanapenda vidonge. Alitoka bila kuaga.

Wiki ya saba, mumewe Nasiri alimpeleka Arua kwa daktari wa mifupa, Saturnino. Huyu alipiga magoti, akamuuliza aliangukaje, kisha akampiga picha akiwa amesimama, mguu umebeba uzito. Pengo likaonekana kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa pili. Viungo vilikuwa vimeachana.

"Hii haitokei mara nyingi," alisema. "Ukilala, mifupa inarudi mahali yake, inajificha. Lakini ule weusi uliouona chini ndiyo alama."

"Ningekuja wiki ya kwanza?"

Saturnino aligusa lile pengo kwenye picha. "Tungerudisha viungo, tushike na skrubu. Sasa vimelika. Tutaunganisha mifupa. Maumivu itapungua, lakini hapo katikati haitakunja tena."

Alifanyiwa upasuaji, akatembelea magongo miezi mitatu. Aliporudi sokoni alianza kujifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, mishono ikipinda kama ya mwanafunzi, naye akiifumua huku akilaani.

Kisha akaenda kliniki, akaziweka picha zote mbili, ya kulala na ya kusimama, mbele ya Obitre, wagonjwa wakitazama.

"Mama, hii kitu iko adimu sana," Obitre alisema. "Unisamehe."

"Kutojua ningesamehe. Mimi nilikuambia mara tatu, wewe ukanicheka! Daktari wa Arua aliinama mara moja tu, akaona."

Sadiya alikusanya picha zake. Mwanamke mmoja kwenye foleni, mkono wake umefungwa bandeji, aliinuka akamfuata nje.

"Dada, huyo daktari wa Arua anakaa wapi?"