Wanaomfulia Mama Povu Aende Mkutanoni

Saa mbili asubuhi, bomba la mwisho wa mtaa limezungukwa na mabeseni. Wanawake sita wameinama, mikono imezama povuni hadi viwikoni, na midomo haipumziki. Wa saba amekaa pembeni juu ya ndoo, anasugua visigino vyake. Furushi lake wanalifua wenzake.

"Sugua, mwenzetu, usije ukatutia aibu," mmoja anamtania. "Leo wewe ndiye mdomo wetu."

Huyo ndiye Mama Povu, dobi kwa miaka kumi na minane, mjane mwenye mabinti wawili. Siku njema hufua mafurushi matano: mawili ni kodi ya chumba, mawili ni chakula, na la tano hugombaniwa na sabuni na ada ya shule. Siku asipofua, nyumbani chungu hakiinjikwi.

Leo roho iko juu. Mkutano wa mtaa unaamua kama bomba hili la umma lifungwe, maji yawe yanauzwa na mwenye ghorofa jipya la jirani. Kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema na kunyoosha mkono. Ila mikutano huitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mwenye duka humwachia msaidizi wake akaja. Dobi, mbeba mizigo na muuza chai hubaki na haki yao mfukoni.

Ndivyo taa za barabarani zilivyoishia zote upande wa maduka.

"Sisi habari tulizipata tulipoona nguzo zimeshasimama," anasema Mama Povu, na safari hii hacheki.

Madobi hawa wana desturi yao ya siku nyingi: mmoja akijifungua au akiugua, wengine hugawana furushi lake. Mwaka jana Mama Povu aliwauliza swali lililowafanya waipanue desturi hiyo.

"Kama tunamfulia mzazi, kwa nini tusimfulie anayekwenda kutusemea?"

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Aliporudi kutoka mkutanoni, alikuta mashati meupe ya mwalimu mmoja yamelowekwa pamoja na pazia jekundu. Mwalimu aliondoka na mashati ya rangi ya waridi, na hajarudi mpaka leo. Mwingine angesusa. Yeye aliweka sheria: nguo nyeupe hazigawanywi, zinamsubiri mwenyewe.

Saa nne tumo ukumbini. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mpole ila mwenye haraka zake, anataka mikono inyooshwe upesi. Mama Povu anasimama.

"Mwenyekiti, nyinyi maji yakiuzwa mtanunua, maisha yataendelea. Sisi tutakuwa tumefukuzwa kazi na watu wasiotujua. Naomba kitu kimoja tu: kura ipigwe Jumapili jioni, watu wakiwa majumbani."

Minong'ono inazuka. Mmoja anasema huyu mama ana makuu. Kisha mzee wa duka la rejareja ananyanyuka taratibu.

"Mimi nauza sabuni. Hawa wakikosa maji, nitamuuzia nani?"

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mikono inahesabiwa, na Jumapili inapita kwa tofauti ya mikono miwili. Hata mwandishi wa habari hizi, aliyekuja kuandika tu, anajikuta anapiga makofi.

Bombani anapokelewa kwa shangwe, lakini anawatuliza wenzake. "Bomba halijapona. Tumepata siku tu."

Anakunja mikono ya gauni na kupiga magoti mbele ya beseni lililokuwa likimsubiri, la nguo nyeupe. Shati la juu kabisa ni la mwenyekiti, mteja wake wa miaka mingi. Anaigeuza kola, anaikagua, anaguna.

"Hili nitalipiga sabuni mara mbili," anasema. "Jumapili atasimama mbele ya mtaa mzima. Na siku hiyo sitaki mtu wa kunifulia. Mabeseni yote tuyafunike, twende sote."